Mvua Inapovuruga Wikendi ya Mbio za Magari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mvua inaponyesha siku ya mbio maswali huwa yale yale, na majibu yanayosikika mara nyingi ni ya hasira. Hapa tumejaribu kuyajibu kwa utulivu. Mengi yanahusu langalanga, yaani Formula 1, kwa kuwa huko ndiko mabishano yalikokuwa makali zaidi, lakini pikipiki na magari ya Marekani nayo yamepata nafasi.

Matairi ya mvua yapo. Kwa nini wasikimbie tu?

Kwa sababu maji yanayosimamisha mbio si yale yaliyo chini bali yale yaliyo hewani. Ukilishika hili, mengine yote yatakuwa rahisi kuelewa.

Tairi la mvua kubwa la Formula 1 linaweza kuondoa kama lita 85 za maji kwa sekunde moja gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa. Zidisha kwa matairi manne. Maji hayo hayapotei. Yanarushwa nyuma na juu, na hewa inayofyonzwa chini ya gari inayapandisha zaidi, mpaka nyuma ya kila gari panakuwa na ukuta mweupe. Dereva anayeongoza anaona njia vizuri. Wa pili anaona kiasi. Wa kumi anaona taa ndogo nyekundu iliyo nyuma ya gari la mbele yake, na kuna nyakati hata hiyo haioni. Wanaosema mwenye macho haambiwi tazama hawajawahi kukaa ndani ya ukungu ule.

Ubelgiji mwaka 1998, kwenye njia ya Spa-Francorchamps, Michael Schumacher alikuwa anaongoza kwa mbali. Alimfikia David Coulthard aliyekuwa nyuma kwa mzunguko mzima. Coulthard alipunguza mwendo ili ampishe, lakini alibaki kwenye mstari ule ule wa kupitia, katikati ya ukungu wa maji. Schumacher alimgonga kwa nyuma na gurudumu la mbele likang'oka. Huyo ndiye aliyehesabika kuwa bingwa wa mvua kuliko wote wa zama zake, na hakushindwa kulimudu gari. Hakuona.

Ndiyo maana tairi bora zaidi halimalizi tatizo. Kadiri tairi linavyoondoa maji mengi, ndivyo linavyomrushia mengi anayefuata. Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, limejaribu vifuniko vya magurudumu ili kuupunguza ukungu huo, lakini majaribio hayajazaa kifaa cha kutumika kwenye mbio.

Zamani walikimbia kwenye mvua yoyote. Siku hizi si woga?

Zamani walikimbia, ndiyo, na tunajua iliwagharimu nini.

Oktoba 1976, mbio za mwisho za msimu zilifanyika Fuji, Japani, mvua ikimwagika. Niki Lauda alikuwa anaongoza msimamo wa ubingwa. Alikuwa amenusurika kuungua hadi kufa huko Nürburgring, Ujerumani, miezi mitatu hivi kabla. Baada ya mizunguko miwili aliingia kwenye eneo la matengenezo, akashuka, akasema hali ni ya hatari mno. James Hunt alimaliza wa tatu na kutwaa ubingwa kwa tofauti ya pointi moja tu. Lauda alirudi na kuuchukua ubingwa mwaka uliofuata, na tena mwaka 1984. Sijui ni nani anayeweza kumwangalia mtu huyo na kutamka neno woga.

Oktoba 2014, Suzuka, Japani tena: mvua, mwanga unafifia, na trekta iko pembeni ya njia ikiliondoa gari lililoteleza. Jules Bianchi aliteleza mahali pale pale na kuigonga trekta hiyo. Alifariki Julai 2015, baada ya miezi tisa ya kupoteza fahamu. Hapo ndipo ulipopatikana utaratibu wa gari la usalama pepe, unaowalazimu madereva wote kupunguza mwendo kwa pamoja hata kabla gari halisi la usalama, lile linaloyaongoza magari ya mbio kwa mwendo mdogo, halijaingia njiani.

Na Julai 2023, Spa, kijana wa miaka 18, Dilano van 't Hoff, alifariki katika mbio za madaraja ya chini kwenye mvua, gari lake lilipogongwa kwenye sehemu iliyonyooka ambako hakuna aliyeona mbele. Wakurugenzi wa mbio wanaokawia kuanza siku hizi wanayo majina haya kichwani. Tukiona wamekawia kupita kiasi, kama wengi walivyolalamika hapo hapo Spa Julai 2025 mbio zilipochelewa zaidi ya saa moja, tuseme hivyo, lakini tusijifanye hatujui wanaogopa nini.

Matairi yenye mistari ya kijani na ya buluu yana tofauti gani?

Ya kijani ni ya kati: njia imelowa lakini maji hayajasimama. Ya buluu ni ya mvua kubwa, yana kashata ndefu zaidi. Ya njia kavu hayana kashata kabisa, ni kipara kwa makusudi, na kwenye maji hayana msaada wowote kwa kuwa maji hayana pa kukimbilia. Gari linaelea juu yake na usukani hauna tena kazi.

Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba tairi la buluu halitumiki sana. Mvua ikifikia kiwango chake, ukungu wa maji unakuwa tayari umeshasimamisha mbio. Madereva wenyewe wamelilalamikia hilo miaka mingi.

Gari la usalama linawaongoza kwa mizunguko kumi. Linasaidia nini?

Magari yote yakizunguka yanapunguza maji njiani, na madereva wanatoa taarifa kwa redio: hapa pana kijito, pale panapitika. Ubaya wake ni kwamba mwendo ni mdogo, matairi yanapoa, na tairi lililopoa linateleza hata kwenye maji kidogo.

Mvua imekatika na jua limetoka. Mbona bado tunasubiri?

Kuna sababu ambazo kamera hazionyeshi.

Ya kwanza ni vijito. Njia za mbio nyingi zimejengwa kwenye vilima, na maji ya mlimani huendelea kuvuka njia muda mrefu baada ya mawingu kuondoka. Kijito chenye upana wa hatua mbili kwenye kona ya mwendo mkali kinatosha kulitupa gari ukutani.

Ya pili ni helikopta ya madaktari. Majeruhi lazima aweze kufikishwa hospitali haraka, na helikopta isipoweza kuruka, au isipoweza kutua huko hospitalini, magari huwa hayaruhusiwi kutoka. Nürburgring, Oktoba 2020, Ijumaa nzima ya mazoezi ilipotea kwa sababu ya ukungu, njia ikiwa inapitika kabisa. Mick Schumacher na Callum Ilott walikuwa waendeshe gari la Formula 1 kwa mara ya kwanza kwenye wikendi ya mbio siku hiyo. Walikaa wakiangalia mawingu.

Ya tatu ni ya kawaida zaidi: rada inaonyesha wingu jingine linakuja baada ya dakika ishirini, na mkurugenzi hataki kuwaanzisha madereva kisha kuwasimamisha tena.

Mashindano ya kupanga nafasi yakishindikana Jumamosi, itakuwaje?

Mashindano hayo ya hatua tatu, yanayoamua nani aanzie wapi, yanahamia Jumapili asubuhi. Imetokea Suzuka mara tatu, mwaka 2004, 2010 na 2019, na katika mwaka wa kwanza na wa mwisho kati ya hiyo, Jumamosi yote ilifutwa kwa sababu ya kimbunga. Melbourne mwaka 2013 hatua ya kwanza ilifanyika Jumamosi na zilizobaki Jumapili. Austin mwaka 2015 hatua ya tatu haikufanyika kabisa, matokeo ya hatua ya pili ndiyo yaliyotumika.

Sao Paulo, Novemba 2024, ndiyo siku niipendayo zaidi katika orodha hii. Nafasi zilipangwa asubuhi kwenye mvua, na mbio zikasogezwa kutoka saa nane mchana hadi saa sita na nusu ili kuiwahi mvua kubwa zaidi iliyotabiriwa. Max Verstappen alianza wa 17 akashinda. Esteban Ocon na Pierre Gasly wa timu ya Alpine, ambayo msimu mzima ilikuwa inahangaika, wakawa wa pili na wa tatu. Uamuzi wa kusogeza saa mbele badala ya kukaa na kutumaini ndio uliowapa watazamaji mbio kamili. Inawezekana, mtu akiamua mapema.

Kwa nini mbio zina kikomo cha muda?

Kwa sababu ya Montreal, Juni 2011. Mbio zilisimamishwa kwa zaidi ya saa mbili, zikaanza tena, na Jenson Button, aliyewahi kuwa wa mwisho kabisa siku hiyo, akampita Sebastian Vettel kwenye mzunguko wa mwisho. Muda rasmi ulikuwa saa nne, dakika nne na sekunde 39, mrefu kuliko mbio nyingine zote za Formula 1. Baada ya hapo kikawekwa kikomo cha saa nne kwa jumla, na tangu mwaka 2021 ni saa tatu kuanzia saa iliyopangwa. Ndani ya hizo, muda wa kukimbia hauzidi saa mbili.

Kikomo kingine ni giza. Malaysia mwaka 2009 mbio zilipangwa kuanza saa kumi na moja jioni ili ziwafae watazamaji wa Ulaya, katika nchi ambayo mvua za jioni ni jambo la kawaida. Dhoruba ikashuka, zikasimamishwa baada ya mizunguko 31 kati ya 56, na mwanga ukafifia kabla hazijaweza kurudi. Mvua haikuwa na kosa hapo.

Pointi zinahesabiwaje mbio zikikatishwa?

Kwa kanuni za Formula 1 zilizoanza mwaka 2022, inategemea umbali uliokamilika. Hakuna pointi hata moja kama kiongozi hajakamilisha angalau mizunguko miwili bila gari la usalama. Zaidi ya hapo lakini chini ya robo ya umbali, watano wa kwanza wanapata na mshindi anachukua 6. Kati ya robo na nusu, tisa wanapata na mshindi anachukua 13. Kati ya nusu na robo tatu, kumi wanapata na mshindi ni 19. Ikifika robo tatu, pointi ni kamili, 25.

Kabla ya hapo ilikuwa nusu ya pointi kwa chochote kilichokuwa chini ya robo tatu, na nusu hizo zimewahi kuamua ubingwa. Monaco mwaka 1984 mbio zilisimamishwa kwa mvua baada ya mizunguko 31 Alain Prost akiongoza, huku kijana aitwaye Ayrton Senna akimkaribia kila mzunguko. Prost alipewa ushindi, na pointi 4.5 badala ya 9. Mwisho wa mwaka Lauda alikuwa bingwa kwa pointi 72 dhidi ya 71.5 za Prost. Mbio zile zingeendelea, Senna akampita, na Prost akamaliza wa pili na pointi zake 6 kamili, angekuwa bingwa. Kushinda ndiko kulikomnyima taji.

Hata kanuni mpya iliteleza mara moja. Suzuka, Oktoba 2022, ilikamilika mizunguko 28 kati ya 53, na karibu kila mtu uwanjani alihesabu pointi pungufu. Lakini maneno ya kanuni yaligusa mbio zilizosimamishwa zisirudi tena tu, na hizi zilikuwa zimerudi. Pointi zikawa kamili, na Verstappen akaambiwa kuwa ni bingwa huku yeye mwenyewe na timu yake wakiwa hawana hakika. Maneno yalirekebishwa kwa msimu uliofuata. Siku hiyo hiyo Gasly alikuta gari la kunyanyulia magari yaliyoharibika likiwa njiani, kwenye mvua, kwenye njia ile ile alikoumia Bianchi miaka minane kabla. Kati ya makosa mawili ya siku ile, hili la pili lilistahili kelele zaidi.

Nini hasa kilitokea Spa mwaka 2021?

Hili huulizwa kuliko yote.

Jumamosi, kwenye kupanga nafasi, Lando Norris aligonga vibaya kwenye mteremko na mpando wa Eau Rouge. Muda mfupi kabla, Vettel alikuwa ameomba kwa redio kwamba bendera nyekundu, ile ya kusimamisha magari yote, itolewe. Jumapili, Agosti 29, mbio zilipaswa kuanza saa tisa alasiri. Magari yalitoka nyuma ya gari la usalama, yakarudi, na watu wakasubiri karibu saa tatu. Saa ya kikomo ilisimamishwa ikiwa imebaki saa moja, kwa hoja ya dharura isiyozuilika. Saa kumi na mbili jioni ikiwa imepita kidogo magari yakatoka tena, yakazunguka mara tatu hivi nyuma ya gari la usalama, bila mtu kuruhusiwa kumpita mwenzake, kisha bendera nyekundu. Matokeo yalichukuliwa mwishoni mwa mzunguko wa kwanza. Verstappen akawa mshindi, George Russell wa pili, Lewis Hamilton wa tatu, na nusu ya pointi zikagawiwa.

Hazijawahi kuwapo mbio fupi zaidi za ubingwa wa Formula 1. Kabla yake rekodi ilikuwa ya Adelaide mwaka 1991, mizunguko 14, nayo ilikuwa ya mvua.

Uamuzi wa kutowaachia madereva wakimbie ulikuwa sahihi, na msimamo huo tunausema wazi. Kilichoumiza ni ile mizunguko mitatu. Hayakuwa mashindano. Wengi walihisi ilizungushwa ili mbio zihesabike kuwa zimefanyika, na watu waliosimama kwenye matope tangu asubuhi walilielewa hilo kabla ya watangazaji. Hamilton alisema hadharani kwamba mashabiki warudishiwe fedha zao. Kanuni ya sasa ya mizunguko miwili bila gari la usalama imetokana na jioni ile moja kwa moja.

Kwa hiyo nikiwa na tiketi, nitarudishiwa?

Soma masharti kabla ya kununua. Kwa kawaida tiketi inauzwa kwa ajili ya tukio la wikendi, haikuahidi idadi ya mizunguko, na magari yakitoka hata mara moja mwandaaji huhesabu kwamba tukio limefanyika. Mbio zikifutwa kabisa kabla ya kuanza, hali huwa nyingine. Hifadhi tiketi na risiti mpaka mwandaaji atoe tamko.

Kwa nini zisihamishiwe Jumatatu?

Marekani huwa wanahamisha. Daytona 500, mbio za magari ya NASCAR ya huko, ilisogezwa hadi Jumatatu mwaka 2012, ikakimbiwa usiku na kumalizika Jumanne imeshaingia. Ilirudi kuwa Jumatatu mwaka 2020 na 2024. Formula 1 ni vigumu: shehena inaanza kufungwa Jumapili usiku kuelekea nchi nyingine, na wapeperusha bendera wengi ni watu wa kujitolea wanaorudi kazini Jumatatu asubuhi. Bila wao hakuna gari linalotoka.

Mbona kwenye njia za duara za Marekani hawakimbii mvuani kabisa?

Kona za Daytona zimeinama nyuzi 31. Gari la NASCAR ni zito, linapita hapo kwa kasi kubwa likiwa limeegemea ukuta, na likipoteza mshiko hakuna eneo la kutelezea. Kwa hiyo wanangoja, na mashine zinakausha lami. Siku hizi kwenye njia fupi zisizoinama sana NASCAR wanatumia matairi ya mvua lami ikiwa na unyevu. Indianapolis 500 nayo inangoja ukavu, lakini ikishapita mizunguko 101 kati ya 200, mvua ikishuka matokeo yanahesabika. Mwaka 2007 Dario Franchitti alishinda hivyo, kwenye mzunguko wa 166.

Na pikipiki?

Kwenye MotoGP, yaani ubingwa wa dunia wa pikipiki, ikinyesha katikati ya mbio, inatolewa bendera nyeupe, na kila mpanda pikipiki anaweza kuingia na kubadili kuchukua ya pili iliyoandaliwa kwa mvua. Ni jambo zuri sana kulitazama.

Silverstone, Agosti 2018, halikusaidia. Lami ilikuwa imewekwa upya mwaka ule na maji yalisimama juu yake. Jumamosi Tito Rabat alianguka, na akiwa pembeni ya njia akagongwa na pikipiki ya mwenzake iliyoteleza pale pale, alivunjika mguu. Jumapili mbio zikasogezwa mapema, kisha zikangojewa, kisha zikafutwa jioni bila mshindi. Mwaka uliofuata lami ikawekwa tena.

Wikendi nzima inaweza kufutwa?

Ndiyo. Imola, Italia, Mei 2023: mafuriko ya Emilia-Romagna yaliua watu na kuwahamisha maelfu. Mbio zilifutwa siku nne kabla, na hazikurejeshwa mwaka ule. Hata kama njia ingekauka, kuwavuta polisi na waokoaji waje kuongoza magari ya watazamaji kungekuwa dhuluma. Dereva Yuki Tsunoda, ambaye timu yake wakati huo ilikuwa na makao Faenza jirani na hapo, alionekana mitaani akizoa matope pamoja na wakazi.

Kwa nini mvua huleta washindi wasiotarajiwa?

Kwenye ukavu mstari bora ni ule uliojaa mpira wa matairi. Ukilowa, mpira ule ndio unaoteleza zaidi, pamoja na rangi za kingo, kwa hiyo dereva anatafuta njia mpya kona kwa kona. Anayejua kutafuta anaonekana hata akiwa kwenye gari dhaifu.

Kisha kuna kuchagua wakati wa kubadili matairi. Sochi mwaka 2021 Norris alikuwa anaongoza zikiwa zimebaki dakika chache, manyunyu yakaanza, akakataa kuingia. Mvua ikaongezeka. Alimaliza wa saba na Hamilton akapata ushindi wake wa 100. Istanbul mwaka 2020 Hamilton huyo huyo alikaa na matairi ya kijani kwa mizunguko 50 mpaka kashata zikaisha, yakawa kama vipara, na njia inayokauka ikawa inamfaa. Alishinda na kuwa bingwa kwa mara ya saba.

Wakati wa kungoja nitazame nini?

Usitazame mawingu. Tazama gari la usalama likitoka peke yake kukagua: likirusha ukungu unaofunika taa zake, bado. Angalia helikopta ya madaktari kama panga zinazunguka. Kisha angalia mafundi kwenye safu ya kuanzia. Siku ambayo timu moja inatoa matairi ya kijani huku jirani yake bado ameshikilia ya buluu, kaa chini utulie, maana zinaanza.